Tupac na habari fupi ya gazetini

TUPAC Amaru Shakur alizaliwa New York mnamo Juni 16, 1971, mwezi mmoja baada ya mahakama kumwachilia huru mamake, Afeni, mwanachama wa Black Panther aliyeshtakiwa kwa njama ya kulipua majengo. Ufukara uliwahamisha mji hadi mji, wakafika Marin City, California, mwaka wa 1988.

Mnamo 1991 alisoma gazetini habari ya msichana wa miaka 12 aliyejifungua na kumtupa mtoto kwenye taka. Habari kama hizo sisi wahariri huzibana pembeni mwa ukurasa wa ndani, na kesho yake zimesahaulika. Tupac aliifanya kuwa wimbo, Brenda's Got a Baby, lawama akiielekeza kwa mtaa mzima. Mwaka uliofuata Makamu wa Rais wa Marekani, Dan Quayle, aliishutumu hadharani albamu yenye wimbo huo.

Hakuwa malaika. Mnamo 1995 alifungwa kwa kosa la kumdhulumu mwanamke kingono, doa ambalo mashabiki wake huliruka.

Alipigwa risasi Las Vegas mnamo Septemba 7, 1996, akafariki siku sita baadaye, akiwa na miaka 25. Mshukiwa wa kwanza kushtakiwa kwa mauaji hayo alikamatwa mwaka wa 2023.