Duchenne na Jina la Maradhi ya Misuli

Guillaume Duchenne alizaliwa mwaka wa 1806 mjini Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, katika ukoo wa mabaharia. Yeye akachagua utabibu. Mwaka wa 1842 alihamia Paris. Hakuwa na cheo hospitalini. Alizunguka wodini na mtambo wake wa umeme, akisisimua misuli ya wagonjwa mmoja baada ya mwingine.

Mwaka wa 1861 alieleza maradhi yanayowapata hasa wavulana: mashavu ya miguu hunenepa huku nguvu zikiwaishia. Aliyaita aina ya kupooza itokayo ubongoni. Jina lilitangulia ushahidi. Baadaye alibuni sindano ya kuchopolea kipande cha msuli wa mgonjwa aliye hai, akakuta mafuta mahali pa nyuzi za msuli. Mwaka wa 1868 akalibadili jina: akautaja msuli, akauacha ubongo, na unene ule akauita wa uongo. Neno kupooza alilibakiza. Nasi twalitumia kwa wepesi mno, kana kwamba msuli ulionyauka na neva iliyokufa ni kitu kimoja.

Alifariki mwaka wa 1875. Edward Meryon wa London alikuwa keshayaeleza maradhi hayo katika miaka ya 1850, na kuona kuwa kasoro imo msulini. Hata hivyo, yanaitwa kwa jina la Duchenne.