Eliakum Zunser

Eliakum Zunser (Vilna, 1836 – New York, 22 Septemba 1913, vyanzo vingine hutaja 1840 kuwa mwaka wa kuzaliwa) alikuwa mshairi, mtunzi wa nyimbo na mchekeshaji wa arusi aliyetumia lugha ya Kiyidi. Anahesabiwa kati ya mabadkhn mashuhuri zaidi wa karne ya 19.

Kazi ya badkhn

Katika arusi za Wayahudi wa Ulaya Mashariki, rabi alisimamia taratibu za kidini, naye badkhn aliongoza sherehe. Kabla ya ndoa kufungwa, badkhn alimwimbia bibi arusi mashairi ya kumliza, akimkumbusha usichana anaouacha na, kama ni yatima, wazazi ambao hawapo kumwona. Baada ya hapo aligeuka mchekeshaji: alitunga vina papo hapo juu ya wageni, aliwatania wakwe na kutangaza zawadi mojamoja. Ilimbidi ayajue vizuri Maandiko na Talmud, kwa sababu utani mwingi ulichezea maneno ya vitabu hivyo. Hata hivyo wengi walimdharau kama mtu wa mzaha tu.

Maisha

Zunser alizaliwa katika familia maskini huko Vilna (leo Vilnius, Lituanya), wakati huo sehemu ya Dola la Urusi. Akiwa kijana alifanya kazi ya kusuka nakshi za nguo mjini Kovno (leo Kaunas), ambako aliathiriwa na mafundisho ya maadili ya rabi Israel Salanter. Baadaye alivutwa na Haskalah, harakati iliyohimiza elimu ya kisasa kati ya Wayahudi.

Alichukuliwa jeshini kwa nguvu, kama vijana wengi wa Kiyahudi wa enzi hiyo, lakini akaachiliwa baada ya Tsar Aleksander II kufuta sheria hiyo kali mwaka 1856. Nyimbo zake kuhusu mateso ya vijana hao ndizo zilizoanza kumpa jina.

Mwaka 1861 alitoa kitabu chake cha kwanza cha nyimbo. Akawa badkhn wa kualikwa miji mbalimbali, na nyimbo alizoziimba arusini zilienea midomoni mwa watu. Hakuacha kuchekesha, ila ndani ya burudani aliingiza masuala ya umaskini, elimu na maadili.

Mwaka 1871 kipindupindu kilimpokonya mke na watoto. Mtu ambaye riziki yake ilikuwa furaha ya familia za wengine akabaki bila ya kwake. Baadaye alioa tena, akaishi Minsk.

Mashambulizi dhidi ya Wayahudi yaliyoanza mwaka 1881 yalibadilisha mwelekeo wa tungo zake. Aliunga mkono waliohamia Palestina kuanzisha vijiji vya wakulima. Wimbo wake kuhusu jembe la kukokotwa, unaosifu kazi ya shamba, ulipendwa sana.

Marekani

Mwaka 1889 alihamia New York, akaendesha duka la kupiga chapa katika mtaa wa East Broadway, uliokaliwa na wahamiaji wengi wa Kiyahudi. Habari za maisha yake alizoandika mwenyewe zilichapishwa mwaka 1905.

Urithi

Zunser alitunga nyimbo zipatazo 600, lakini takriban robo tu zimehifadhiwa. Nyingi zilitungwa kwa ajili ya arusi fulani na zikapotea pamoja na wageni waliozisikia. Zilizobaki zinaonyesha jinsi kazi iliyodharauliwa ilivyopata nafasi katika fasihi ya Kiyidi.