Thomas Huxley: Aliyewatoa walimu ubaoni akawapeleka maabara

Wengi wetu tulisoma baiolojia kwa kunakili picha ya chura kutoka ubaoni, na chura mwenyewe hatukumgusa. Leo tunawaletea kwa ufupi maisha ya Muingereza aliyepambana na ufundishaji wa namna hiyo.

Thomas Henry Huxley alizaliwa Ealing, karibu na London, tarehe 4 Mei 1825. Baba yake alikuwa mwalimu, lakini yeye mwenyewe alisoma shule miaka 2 tu. Akiwa kijana alikuwa mwanagenzi kwa daktari, na mwaka 1842 alipata ufadhili wa kusomea udaktari katika hospitali ya Charing Cross. Mwaka 1845, akiwa na umri wa miaka 20, alitangaza kuwa ameona kwa hadubini tabaka moja kwenye mzizi wa unywele lililokuwa halijulikani. Tabaka hilo linaitwa kwa jina lake hadi leo.

Kuanzia 1846 hadi 1850 alisafiri na meli ya kivita Rattlesnake hadi Australia kama daktari msaidizi, akichunguza viumbe vya baharini. Mwaka 1854 alianza kufundisha chuo cha madini jijini London, lakini jengo halikuwa na maabara. Wanafunzi walimsikiliza tu.

Nafasi ilipatikana mwaka 1871 huko South Kensington. Huxley aliwakusanya walimu wa shule, akawapa hadubini na visu. Kila siku, baada ya somo, walikwenda mezani kujionea wenyewe. Alijua kuwa mwalimu ambaye hajawahi kupasua chura hawezi kumfundisha mwanafunzi kumpasua.

Mwaka 1875 yeye na msaidizi wake, Henry Newell Martin, walitoa kitabu cha mafunzo hayo, kikianza na hamira na kuishia na chura. Mwaka uliofuata Martin alikwenda Baltimore, Marekani, kufundisha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na mtindo huo ukavuka bahari.

Huxley alifariki Eastbourne tarehe 29 Juni 1895.

Sisi tulio ughaibuni tunapochangia shule za nyumbani, mara nyingi tunafikiria mabati na madawati. Ni jambo jema. Lakini tukumbuke pia hadubini, na tumkumbuke mwalimu atakayeitumia. Bila yeye, itabaki kabatini.