Chuck Connors: Mchezaji aliyegonga mwamba Dodgers akageuka buda wa kila mtoi Marekani

Kama ulilelewa na mzazi mmoja, kaa hapa kidogo, hii stori inakuhusu.

Rudisha saa hadi 1958, huko Marekani. Televisheni imejaa vipindi vya kauboi usiku baada ya usiku, na karibu vyote viko na mtindo mmoja: jamaa yuko solo, ana farasi na bastola, anaingia mji fulani, anamwaga risasi, halafu anapotelea jangwani. Hana mke, hana mtoi, hana hata mtu wa kumuuliza mbona amechelewa kurudi keja.

Halafu tarehe 30 Septemba mwaka huo, ABC wakaachilia The Rifleman. Huyu kauboi naye alikuwa na bunduki, tena ya hatari, lakini pia alikuwa na kijana mdogo nyumbani wa kulishwa, wa kupelekwa shule, na wa kuelezwa kwa nini buda yake ameua mtu leo.

Jina la mhusika lilikuwa Lucas McCain. Msee aliyemuigiza ni Chuck Connors, na cheki vile alifika hapo, maana kuigiza hakukuwa kwa mipango yake kabisa.

Alizaliwa tarehe 10 Aprili 1921 Brooklyn, New York, na majina yake kamili yalikuwa Kevin Joseph Aloysius Connors. Wazazi wake walikuwa wametoka Newfoundland, na mbuyu alikuwa anapakua mizigo bandarini. Kijana alikuwa anatumikia altareni kanisani, lakini roho yake yote ilikuwa kwa timu moja tu ya besiboli, Brooklyn Dodgers. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto.

Mwili alikuwa nao. Alirefuka hadi futi 6 na inchi 5 na ushee, na michezo ikamlipia karo mpaka akaingia chuo cha Seton Hall, New Jersey. Hata hilo jina la Chuck lilitoka uwanjani, kutokana na vile alikuwa anapigia wenzake kelele wamrushie mpira.

Vita ya Pili ya Dunia ikaingilia kati. Akaenda jeshi 1942, akawa anafunza wanajeshi mambo ya vifaru. Kutoka huko 1946, akasainiwa na Boston Celtics, timu mpya kwa ligi mpya ya basketi ambayo baadaye ilikuja kuwa NBA.

Na hapo akaacha alama, ingawa si ile angetaka. Novemba 1946, Celtics wako karibu kucheza mechi yao ya kwanza nyumbani. Chuck yuko anapasha misuli, anarusha mpira, unagonga ringi, na ubao wa kioo unapasuka vipande vipande. Haukuwa umefungwa vizuri. Mashabiki wakangoja karibu saa nzima ubao mwingine utafutwe. Ndiye mtu wa kwanza kwa basketi ya kulipwa kuvunja ubao, na hakuwa hata anadanki.

Lakini ndoto bado ilikuwa Dodgers. Akazungushwa timu zao za chini kwa miaka, hadi kule Montreal, akingoja kuitwa. Mei 1949 akaitwa. Akapewa nafasi moja tu ya kupiga mpira, na akaupiga vibaya, timu yake ikapoteza wachezaji wawili kwa mpigo. Mechi moja, nafasi moja, kwisha. Nafasi aliyotaka kucheza ilikuwa na Gil Hodges, na Hodges hakuwa wa kutolewa na mtu.

1951 Chicago Cubs wakamjaribu kwa mechi 66. Haikujipa. Wakamteremsha hadi timu yao ndogo ya Los Angeles.

Sasa skia, kuteremshwa huko ndiko kulimfungulia mlango. Los Angeles ndiko Hollywood iko. Mtu wa kusaka waigizaji kutoka MGM akamuona akicheza, akamuita, na 1952 Chuck akatokea kwa Pat and Mike kama kapteni wa polisi, pamoja na Spencer Tracy na Katharine Hepburn. Akaonja ganji ya sinema, akapima na ya besiboli, akaachana na besiboli.

Miaka mitano baadaye ikaja Old Yeller ya Disney. Humo anaigiza mwenye mbwa anayekuja kuchukua mbwa wake, anakuta familia ya watoto tayari wamempenda. Badala ya kuwanyang'anya, anakubali kubadilishana na mjusi wa pembe na dishi moja la nyumbani. Ni sehemu fupi tu, lakini ilibadilisha maisha yake.

Wenye The Rifleman walikuwa wameshampea kazi na akakataa, doo ilikuwa kidogo. Halafu wakapeleka watoto wao kuona Old Yeller, wakaona vile huyu jitu la msee linabonga na mtoi polepole. Wakarudi na ofa mpya, ikiwemo asilimia 5 ya kipindi chenyewe. Hapo akakubali.

Stori ya kipindi ni rahisi. Lucas ni mjane, mke ameuawa na ndui. Yeye na kijana wake Mark wana shamba la ng'ombe nje ya mji wa North Fork, New Mexico, miaka ya 1880. Mark aliigizwa na Johnny Crawford, aliyekuwa na miaka 12 kipindi kikianza. Sherifu wa mji, Micah, alikuwa mlevi aliyekata tamaa, mpaka Lucas akampea kazi na nafasi ya kuanza upya.

Bunduki ndiyo ilileta watu. Ilikuwa Winchester ya 1892, na ndiyo, uko sawa, hiyo haikuwa imetengenezwa wakati wa stori. Mkono wake wa kukoki ulipanuliwa ukawa pete kubwa, na skrubu ikawekwa ya kugonga kifyatulio kila ukiurudisha. Hukuhitaji kufyatua kwa kidole. Unakoki tu, inalia mfululizo.

Lakini kilichofanya watu wabaki ni ule usiku baada ya risasi. Buda na kijana mezani, mtoi anauliza maswali magumu, na mzazi hana mwenzake wa kumsaidia kujibu. Kilikuwa moja ya vipindi vya kwanza Marekani kuonyesha mzazi mmoja akilea, na kilienda vipindi 168 hadi 1963. Johnny akateuliwa kwa tuzo ya Emmy akiwa na miaka 13.

Sasa upande ambao kamera haikuonyesha. Chuck alikuwa na vijana wanne wake mwenyewe. 1961, wakati Marekani yote inamuona kama baba wa mfano, ndoa yake na mama yao ilivunjika. Alioa tena mara mbili, na hizo pia zikaisha. Buda wa televisheni alikuwa na script. Yule wa nyumbani hakuwa nayo.

Umaarufu wake ulivuka hadi kwa maadui. 1973 kiongozi wa Muungano wa Sovieti, Leonid Brezhnev, alitembelea Rais Nixon California. Mzee alikuwa anapenda kauboi kupita kiasi. Chuck akampea bastola mbili za Colt na kofia, halafu Brezhnev akamkumbatia, Chuck akamuinua juu kama mtoi, miguu ikining'inia. Hiyo picha ilizunguka dunia.

Kisha 1977 akafanya kitu ambacho staa mwingine angekikimbia. Stesheni ileile ya ABC ilikuwa inatoa Roots, stori ya Kunta Kinte na kizazi chake. Chuck akachukua nafasi ya Tom Moore, mzungu anayenunua Kizzy, binti wa Kunta, na kumbaka. Mtoto anayezaliwa ni Chicken George.

Fikiria hapo. Msee ambaye nchi nzima inamjua kama baba mwema, sasa ni baba anayemmiliki mwanawe kama mali. George anamfuga majogoo wa kupigana, anamletea pesa, na siku Moore anapopoteza dau, anampeleka Uingereza kulipa deni. Uso ni uleule wa Lucas McCain, na ndiyo maana iliuma hivyo.

Kama nyumbani kwenu mzae alikuwa anaweka Kenny Rogers kila Jumapili, hii utaipenda. 1991 Kenny alitoa muvi ya televisheni, The Gambler Returns, iliyorudisha makauboi wa zamani. Kati yao walikuwa Chuck na Johnny, Lucas na Mark tena, mtoi sasa akiwa na miaka zaidi ya 40. Walikuwa wamebaki marafiki muda huo wote.

Ilikuwa kama kwaheri. Chuck alikuwa amevuta fegi miaka mingi, na tarehe 10 Novemba 1992 akaaga Los Angeles akiwa na miaka 71, saratani ya mapafu pamoja na nimonia. Johnny alimfuata 2021.

Kaburi lake liko San Fernando Mission. Kwa jiwe kuna picha yake kama Lucas na bunduki, na nembo za Dodgers, Cubs na Celtics. Hakuna hata moja ya hizo timu aliyowika nayo, na bado zote ziko hapo, pamoja na yule buda wa kuigiza aliyewalelea watoto wasiohesabika ambao hakuwahi kukutana nao.

Na wewe je? Ni buda gani wa kwa televisheni alikufunza kitu ambacho hakuna mtu mwingine alikuwa karibu kukufunza?