Tom Mboya: Alikosa ada, akawatafutia wengine nauli

Wasikilizaji wetu wa Ngara na Biharamulo hutuuliza mara kwa mara: mtoto wa mkulima anawezaje kusoma chuo kikubwa cha nje? Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyelihangaikia swali hilo kabla ya Uhuru.

Tom Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilimambogo, Kenya, kwenye shamba la mkonge alikofanya kazi baba yake. Asili yao ni Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria, ziwa letu hili hili. Alisoma shule za misheni hadi Mang'u, lakini ada ikamshinda baba yake, akaacha shule. Akajifunza ukaguzi wa afya, akaajiriwa Nairobi na kuwa kiongozi wa wafanyakazi. Mwaka 1955 alipata ufadhili wa mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin, mjini Oxford, Uingereza.

Wakati huo Makerere ilichukua vijana wachache tu kutoka Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1959 Mboya alizunguka Marekani akiwaombea wengine nafasi. Vyuo vikakubali kuwafadhili masomo, lakini nauli ya ndege hawakuwa nayo. Wamarekani wakachanga. Nyumbani nako ndugu na majirani wakachangishana fedha za matumizi. Septemba 1959 ndege iliwabeba wanafunzi 81 kutoka Nairobi hadi New York. Mwaka uliofuata Mboya alimwendea John Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, na mfuko wa familia yake ukatoa dola 100,000. Safari za 1960 zilichukua pia vijana wa Tanganyika. Wangari Maathai wa Kenya alikuwa miongoni mwa waliosafiri mwaka huo.

Mboya aliuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa waziri wa mipango ya uchumi. Alikuwa na miaka 38.

Siku hizi vyuo kama Harvard na Yale huangalia kipato cha familia, hata ya mwanafunzi wa kigeni, ndipo vipange mzazi achangie kiasi gani. Mzazi mwenye kipato kidogo anaweza asidaiwe ada kabisa. Hata hivyo, barua ya ufadhili ikifika, someni yote. Ulizeni nauli, viza, bima na fedha za kujikimu zitalipwa na nani. Kama kuna pengo, ukoo ukae mapema, msisubiri wiki ya safari.