Amri Abedi na Sikio la Mizani

Marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924. Mwaka 1960 akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1964 akiwa Waziri. Lakini sisi walimu tunamkumbuka zaidi kwa kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi. Humo alishikilia kuwa mizani za mishororo zilingane. Sikio likishazoea mapigo 8 kwa kila kipande, hulingojea la 8, lisipofika, hushtuka.

Huku Kasulu na Kibondo upo ugumu wake. Mtoto wa Kiha nyumbani husema “umuntu”, kila silabi ina irabu yake. Akikutana na “mtu” aweza kudhani ni pigo moja tu. Kumbe “m” hiyo ni mizani kamili!

Basi tusikimbilie kuhesabu ubaoni. Tuwapigishe watoto makofi: m-tu, m-to-to. Kisha tuwasomee mshororo uliopungukiwa silabi moja, tuwaulize mikono yao imekwama wapi.