Siti: Binti aliyezaliwa akiitwa Mtumwa

Jumapili moja miezi michache iliyopita tulialikwa kwenye akika huku kwetu Boko, njia ya Bagamoyo. Mbuzi alikwishachinjwa, pilau ilikuwa jikoni na wasomaji wa maulidi walikwishawasili kutoka Tegeta na Bunju, lakini shughuli ikachelewa zaidi ya saa nzima. Sababu ilikuwa jina. Baba wa mtoto alitaka binti yake aitwe Siti, jina la bibi yake mzaa baba, ambaye bado yu hai na siku hiyo alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni ya mlango. Mama mtoto na mashangazi walikuwa na jina lao walilolipata kwenye simu, refu na tamu kulitamka, ila hakuna aliyeweza kueleza maana yake. Kisha kijana mmoja akaongeza moto kwa kusema kuwa jina Siti ni makuruhu, amelisoma mahali.

Ndugu msomaji, nilikaa kimya nikiwasikiliza. Kilichonishangaza ni kwamba katika mabishano yote yale hakuna aliyemtaja mwanamke aliyelifanya jina hilo lijulikane kuanzia Lamu hadi Kilwa. Ndipo nikaona safu ya wiki hii nimpe yeye.

Kwanza tulimalize la kijana yule, maana alikuwa na nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ina matata. Siti ni neno la Kiarabu, sitti, ambalo kwa watu wengi wa lugha ni ufupisho wa sayyidati, yaani bibi yangu, mtukufu wangu. Fairuzabadi, mwenye kamusi mashuhuri ya Kiarabu aliyefariki mwaka 817 Hijria, alilitilia shaka neno hili akaliona ni la mitaani, na akaeleza kwamba fasaha ni hilo sayyidati. Lakini mitaa ilishinda. Kule Misri, Sitt al-Mulk, binti wa ukoo wa Fatimiyya, ndiye aliyeshika hatamu za dola baada ya nduguye al-Hakim kutoweka mwaka 1021. Damascus nako, Sitt al-Sham, dada wa Salahuddin al-Ayyubi, alijenga madrasa. Indonesia na Malaysia ndiko jina hili lilikoenea kuliko popote, kiasi kwamba Siti hutangulia majina ya Khadija, Aisha na Fatma kama sisi tunavyotanguliza Bi.

Walichokikemea wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii ni majina ya kujikweza, mfano wa Sitt al-Nas, bibi wa watu wote, au Sitt al-Ulama, bibi wa wanachuoni. Hayo wameyataja kwa jina na kuyaona makuruhu sana. Siti peke yake si hilo. Ni kosa lile lile wanalofanya wanaowaambia kina Asia wabadili jina kwa kuwa Mtume (s.a.w.) alimbadilisha mwanamke aliyeitwa Asiya akamwita Jamila. Yule jina lake lilianza na herufi ya ain, maana yake ni muasi. Asia wetu ni jina la mke wa Firauni, mwanamke aliyetajwa kwa wema ndani ya Qur'an. Tofauti ya herufi tu, na mtu anamvunja moyo binti wa watu.

Sasa tuje kwa mwenyewe.

Alizaliwa mnamo mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja. Baba yake, Mzee Saad, asili yake Unyamwezi, na mama yake asili yake Uzigua, ingawa wote wawili wanasimuliwa kuwa walizaliwa hapo hapo Unguja. Kazi yao ilikuwa kilimo na ufinyanzi. Mtoto huyo wa kike hakuitwa Siti. Aliitwa Mtumwa.

Tusilipite jina hili haraka. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, lakini kufunga soko hakukumfanya aliyekuwa shambani kuwa huru. Amri ya kuiondoa hadhi ya utumwa kisheria ilikuja mwaka 1897, wakati binti huyu ana umri wa kuolewa, na kwetu Tanganyika ikabidi tusubiri hadi 1922. Ni kweli kwamba majina kama Mtumwa na Kijakazi yamepatikana hata kwenye koo huru, kwa sababu wazee wetu waliofiwa na watoto mfululizo walikuwa wakimpa anayefuata jina la kudharaulika ili husuda impite. Lakini mtu wa shamba, asiye na ukoo wa kujivunia, anayeuza vyungu huku akiitwa Mtumwa mchana kutwa, hakuna aliyesikia jina hilo akafikiria kinga ya husuda. Watu walisikia walichokuwa wamezoea kusikia.

Vyungu vya wazazi wake alivibeba kichwani akavitembeza kwa miguu. Kutoka Fumba hadi mjini ni mwendo, na muuzaji sharti anadi bidhaa yake. Hapo ndipo sauti ilipojulikana. Inasimuliwa kwamba watu walimtambua kwa sauti kabla hajaonekana njiani.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mmoja wa watu wa Nadi Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoanzishwa 1905, naye akamfundisha kuimba na muziki. Hakuwa amesoma shule. Tangu enzi ya Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, taarabu ilikuwa burudani ya kasri, ikiimbwa kwa Kiarabu na wanaume mbele ya wakubwa. Mwanamke kutoka shamba kuingia humo lilikuwa jambo zito, na kuimba kwa Kiswahili mbele ya watu wale zito zaidi. Wenzake wa karibu katika kazi hiyo walikuwa Mwalimu Shaaban, Subeti Ambari, Buda bin Swedi na Mbaruk Talsam.

Ni katika mazingira hayo jina lake lilipobadilika. Masimulizi yanayofahamika zaidi ni kwamba bwana mmoja wa Kiarabu ndiye aliyempa jina la Siti. Wengine hupenda kusema alijibatiza mwenyewe kwa majivuno. Mimi naona hata kama angefanya hivyo asingekuwa na lawama, kwani kubadili jina baya kwa zuri ni mwenendo uliofunzwa, na Sahihi Bukhari imetupa kisa cha babu wa Said bin al-Musayyab. Huyo aliitwa Hazn, yaani ukavu na ugumu, Mtume (s.a.w.) akampendekezea Sahl, wepesi, naye akakataa kuacha jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake akaja kueleza kwamba ule ugumu haukuwatoka katika ukoo. Binti Saad yeye hakung'ang'ania. Aliliacha la Mtumwa lakini binti Saad alilibakisha, baba yake hakumtupa.

Mwaka 1928 kampuni ya HMV ilimchukua yeye na wenzake hadi Bombay kurekodi, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuimba kwenye santuri. Sahani hizo ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika miaka michache. Wenye mikahawa walinunua gramafoni ili kuvuta wateja, na watu wa Ng'ambo, wasiowahi kuota kukanyaga kasri, wakasikia lugha yao ikitoka kwenye kijisanduku. Kila ilipofika santuri lilifika na jina. Masikioni mwa watu, Siti halikuwa tena heshima ya kumtanguliza mke wa bwana mkubwa, lilikuwa mtu, tena mtu aliyetoka walikotoka wao.

Si wote waliofurahi. Mahasimu wake walimtungia wimbo wa kumkejeli, wakiuliza tangu lini naye akawa mtu, wakimkumbusha kaniki aliyojifunga alipotoka shamba na kumtangazia kuwa bila sauti yake asingekuwa na cha kula. Mtu mwingine angerudi Fumba kwa aibu. Yeye alijibu kwa wimbo vile vile, akakiri kwamba hana sura ya kutajwa wala nasaba ya kuhesabiwa, na akaonesha alichonacho kisichonunuliwa kwa nasaba.

Wapo wasomaji watakaouliza gazeti la Kiislamu linamtafutia nini mwimbaji. Hukumu ya ala za muziki ina wenyewe na imeandikwa sana, sitaingia humo leo. Ila nawaomba wamtazame katika wimbo wake wa Kijiti. Ulihusu mwanamke aliyevuka kutoka hapa kwetu Dar es Salaam kwenda Unguja kutembea, akauawa huko. Mtuhumiwa alikimbilia bara, na waliobaki kubebeshwa lawama mahakamani ni wanawake waliokuwa naye. Siti aliliimba jambo hilo wazi, wakati mwanamke maskini hakuwa na gazeti wala wakili. Waandishi wa habari wanawake wa TAMWA, chama kilichoanzishwa 1987, walipotafuta jina la jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Hawakukosea.

Mwishoni mwa maisha yake alimpata mwandishi aliyemstahili. Shaaban Robert alimfuata, akamhoji, akaandika wasifu wake, kitabu ambacho wengi wetu tulikikuta shuleni. Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert mwenyewe akamfuata mwaka 1962.

Siku hizi jina limepungua. Katika madrasa ya mtaani kwetu kina Aisha na Zainabu wamejaa, na majina mapya yenye herufi za x na y yanaongezeka kila mwaka, lakini Siti mdogo nilikuwa sijamwona kwa muda mrefu. Wenye jina hilo wengi ni wazee.

Turudi Boko. Baada ya mabishano kuchosha, mzee mmoja alipata busara ya kumgeukia bibi mwenyewe pale mlangoni na kumuuliza yeye jina lake lilitoka wapi. Bibi alieleza kuwa alizaliwa Kariakoo, mwishoni mwa miaka ya arobaini. Baba yake alikuwa kuli bandarini na hakuwa na gramafoni, lakini jirani alikuwa nayo, na kila jioni baba alikwenda kukaa barazani kwa jirani kusikiliza. Alipozaliwa, baba alisema mtoto wa kuli naye ataitwa bibi, watake wasitake. Basi, hiyo ndiyo sababu yenyewe.

Mama mtoto ndiye aliyesimama wa kwanza. Alimchukua mtoto akaenda kumpakata bibi, kisha akamwambia mumewe alete kadi ya kliniki iandikwe jina. Maulidi yakaanza saa saba na nusu, pilau ikiwa imeshikana chini.